Kidonge cha sukari cha mzee na dawa ya magugu ya jirani, eti vyote ni pikoliniki?

Marahaba ndugu yangu wa Urambo, na mzee mfikishie shikamoo yangu. Kwanza usiniite daktari, mi mfamasia, na kabla sijakaa dirisha la dawa hapa Kigoma nilifundisha kemia huko huko kwenu Tabora, kwahiyo swali lako limenikuta pazuri maana nusu ni la dawa nusu ni la kemia.

Nalirudia kwa kifupi ili na wengine wajue tunaongelea nini. Baba yako ana kisukari, anatumia metfomini ya kliniki. Dada yako wa Dar kamtumia kichupa kimeandikwa Chromium Picolinate, mikrogramu 200 kwa kidonge, akamwambia kinashusha sukari na kitambi, na mzee kakipenda mpaka anaongelea kuacha za hospitali. Upande wa pili jirani yako mfugaji kapulizia malisho yake dawa ya magugu, bwana shamba akasema dawa hiyo ni jamii ya asidi ya pikoliniki, na wewe ndo ulikuwa unajiandaa kubeba samadi kwenye zizi lake uweke kitalu cha tumbaku na bustani ya nyanya. Ukauliza, ni kitu kimoja? Mzee anameza dawa ya magugu?

Hapana, hamezi dawa ya magugu. Ila bwana shamba wako hajakosea, mifupa ya hizo molekyuli kweli ni ileile, tofauti iko kwenye kilichopachikwa juu yake. Na ukitaka kujua mimi kinachonipa wasiwasi kwenye maelezo yako yote, cha kwanza ni mzee kuacha metfomini, cha pili ni hiyo samadi. Kidonge chenyewe kinakuja nyuma kabisa.

Sasa tuingie ndani kidogo. Asidi ya pikoliniki ni kitu kidogo mno, fomula yake C6H5NO2, uzito wa moli moja ni gramu 123. Chukua pete ya benzini, ile yenye kaboni 6, toa kaboni moja weka nitrojeni, hapo una piridini. Kisha kwenye kaboni iliyogusana na nitrojeni, tunaiita namba 2, pachika kundi la kaboksili, COOH. Basi, ndo yenyewe. Ukilisogeza hilo kundi hatua moja tu likakaa namba 3 unapata asidi ya nikotiniki, yaani niasini, vitamini B3 ambayo ukiikosa unababuka ngozi kwenye jua na kuharisha na kuchanganyikiwa. Ukilipeleka namba 4 unapata isonikotiniki, na hiyo ukiifunga na haidrazini inakuwa isoniazidi, ile H kwenye RHZE wanayomeza wagonjwa wa TB. Isoniazidi ilitengenezwa Prague mwaka 1912 ikakaa tu, uwezo wake wa kuua TB ukaja kugundulika 1952, yaani miaka 40 dawa ipo na watu wanakufa na kifua kikuu, mi hii huwa inaniuma mpaka leo.

Atomi zilezile, idadi ileile, uzito uleule, lakini tabia mbalimbali. Pikoliniki inayeyuka kwenye nyuzi joto 136 hivi, nikotiniki haiyeyuki mpaka 236. Na maabarani hazitoki mbali sana, ukichukua pikolini, kimiminika ambacho Mskoti Thomas Anderson alikitenga kwenye lami ya makaa ya mawe mwaka 1846, ukakichemsha na potasiamu pamanganeti, hiyo hiyo ya zambarau unayoijua, kundi la methili linageuka kaboksili, na ukianza na pikolini yenye methili namba 2 unatoka na pikoliniki.

Sasa kwanini hiyo namba 2 iwe muhimu hivo? Kwasababu nitrojeni ya kwenye pete na oksijeni ya kaboksili zinakuwa zimekaa jirani, zote zimeelekea upande mmoja na zote zina elektroni za kugawa, kwahiyo ikipita ioni ya madini, zinki au chuma au shaba au kromiamu, inabanwa pande mbili kwa mpigo, koleo la mhunzi likishika chuma. Inajifunga pete mpya ya atomi 5 pamoja na hayo madini, na pete ya atomi 5 ni imara, haiachii kirahisi. Niasini haiwezi huo mchezo, nitrojeni na kaboksili zake ziko mbalimbali hazifikii. Hiki ndo kitu kimoja nataka ukishike kwenye maelezo yangu yote: pikoliniki yenyewe peke yake ni kishika madini, basi, na ukiona neno pikolineti kwenye kichupa jua inataja tu kilichoyashika madini. Kama hayo madini yanamsaidia mzee au hayamsaidii, hilo ni swali jingine kabisa na lebo haiwezi kukujibu.

Na usidhani ni kemikali ya kigeni. Mwili wako unaitengeneza kila siku. Ukila maharage, dagaa, karanga, mayai, kuna asidi amino inaitwa triptofani, na sehemu kubwa ya triptofani inayovunjwa inapita njia inayoitwa ya kinurenini. Njia hiyo ikifika mbali kidogo inatokea molekyuli moja isiyotulia, hapo kuna njia panda. Ikiachwa yenyewe inajikunja na kuwa asidi ya kwinoliniki, ambayo ndo inaendelea kutengeneza NAD, molekyuli inayosaidia seli kupata nguvu, kazi ileile ya niasini, kiasi kwamba wataalamu wa lishe wanahesabu miligramu 60 za triptofani kuwa sawa na miligramu 1 ya niasini. Lakini kama kimeng'enya kinachoitwa ACMSD kikiwahi kuikata kaboni moja, basi nyingi yake inakwenda kuunguzwa kwa ajili ya nguvu na kidogo inajikunja yenyewe bila kusaidiwa na kuwa pikoliniki. Ikimaliza kazi ini linaifunga na glaisini inatoka kwenye mkojo.

Hapo kwenye njia panda ndo kuna mambo wanasayansi wanayafukuzia. Kwinoliniki ikizidi kwenye ubongo inasisimua neva kupita kiasi mpaka zinakufa, wakati pikoliniki kwenye majaribio inazikinga neva na sumu hiyohiyo ya ndugu yake. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba watu waliowahi kujaribu kujiua walikuwa na pikoliniki kidogo kwenye maji ya uti wa mgongo ukilinganisha na wengine. Ni jambo zito hilo, ila kuwa na kidogo sio sawa na kusema ukimeza utapona, na mtu akikuuzia kidonge kwa hoja hiyo mkimbie. Upande wa kinga nako iko, seli zinazokula vijidudu zikikutana na pikoliniki pamoja na intaferoni gama, kemikali ya mwili ya kuamsha kinga, zinaamka zaidi, na maabarani imeonekana kuzuia bakteria wa jamii ya TB wanaoitwa avium. Mwaka 2023 watafiti wa Bengaluru, India, wakaonyesha inazuia virusi vyenye ngozi ya mafuta, pamoja na vya korona na mafua, visiingie kwenye seli, wakajaribu mpaka kwa wanyama wa maabara. Binadamu bado.

Haya, turudi kwenye kichupa cha mzee.

Stori ya kromiamu inaanza 1959, Schwarz na Mertz walikuwa wanalisha panya chakula fulani, panya wakashindwa kuimudu sukari, wakipewa hamira ya pombe wanapata nafuu, wakasema kilichokuwa kwenye hamira ni kromiamu. Kuanzia hapo ikaingizwa kwenye orodha ya madini muhimu. Pikoliniki ikaingia baadaye kupitia mlango wa pembeni: mtafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, Gary Evans, pale Grand Forks, North Dakota, alikuwa anatafuta ni kitu gani kwenye maziwa ya mama kinachosaidia zinki kufyonzwa, akasema ni pikoliniki. Wenzake walipopima wakakuta kwenye maziwa ya mama kinachoshika zinki ni sitreti zaidi, pikoliniki iliyomo haitoshi. Lakini wazo la koleo likabaki, akalihamishia kwenye kromiamu, molekyuli 3 za pikoliniki zikishika kromiamu 1, fuwele nyekundu nzuri sana, na 1989 akatoa matokeo kwamba vijana wanaonyanyua vyuma wakimeza wanajenga msuli na kupunguza mafuta. Biashara ikalipuka. Wengine waliporudia kwa vipimo vya uangalifu hawakukiona, tena mmojawapo wa waliorudia na kukosa, 1996, alitoka hukohuko Grand Forks. Mwaka huohuo tume ya biashara ya Marekani ikawabana wauzaji waache kutangaza kwamba kinapunguza unene na kushusha sukari wakati hawana ushahidi wa kutosha.

Kwenye sukari penyewe mambo yalichanganya watu kweli, sitaki nikudanganye kwamba hakuna kitu kabisa. Mwaka 1997 ulitoka utafiti wa China, wagonjwa 180 wa kisukari cha aina ya pili, miezi 4. HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ikaishia 8.5 kwa waliopewa kidonge kitupu, 7.5 kwa waliopewa mikrogramu 200 na 6.6 kwa waliopewa 1000. Namba hizo zikiwa za kweli kwa kila mtu basi ni dawa kubwa. Ila 2006 Waholanzi wakachukua wagonjwa wanene wanaochoma insulini, wakawapa 500 na 1000 kwa miezi 6, hawakuona tofauti yoyote na kidonge kitupu. Mamlaka ya dawa na chakula Marekani, FDA, 2005 iliombwa iruhusu maneno ya kusifia kwenye lebo, ikaruhusu sentensi moja tu, kwamba kuna utafiti mmoja mdogo unaodokeza kinaweza kupunguza hatari ya usugu wa insulini, na papohapo ikaandikisha kwamba uhusiano huo hauna uhakika hata kidogo. Ulaya, 2014, mamlaka ya usalama wa chakula ikaenda mbali zaidi ikasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kromiamu ni madini ya lazima kwa mtu mzima, kwahiyo hawakuweka hata kiwango cha kula kwa siku. Na Chama cha Kisukari cha Marekani hakipendekezi kromiamu kwa ajili ya kushusha sukari. Mi nasimama nao.

Kwenye kipimo cha kidonge pia watu wanajichanganya. 200 iliyoandikwa ni mikrogramu za kromiamu yenyewe, na kromiamu ni asilimia 12.4 tu ya uzito wa hiyo pikolineti, kwahiyo kwenye kidonge kuna kama miligramu 1.6 za unga mwekundu, kidogo kuliko chembe ya chumvi ya mawe, kilichobaki ni vijazio vya kufanya kidonge kishikike. Na kati ya hiyo kromiamu anayomeza, inayoingia mwilini ni asilimia moja na kidogo hivi, nyingine inatoka chooni. Kromiamu hii ni ya chaji 3, sio ile ya chaji 6 ya viwandani inayosababisha saratani ya mapafu, usije ukasoma sehemu ukaogopa.

Madhara je? Kwa 200 kwa siku, mtu mwenye figo nzima, matatizo ni nadra. Ila yapo maandiko ya hospitali, mmoja wa mwanamke aliyemeza kati ya 1200 na 2400 kwa siku kwa miezi 4 mpaka 5 ili apungue, akaishia na figo kushindwa kazi, ini kuharibika na damu kuvunjika. Mwaka 1995 ilionekana kwenye seli za ovari ya hamsta, mnyama mdogo kama panya, zilizowekwa kwenye chupa kwamba pikolineti ya kromiamu inakata kromosomu, ikatia watu hofu, baadaye serikali ya Marekani ikalisha panya wazima miaka miwili na haikupata ushahidi wa wazi wa saratani. Sasa fikiria, mzee mwenye sukari ya siku nyingi, figo zake ndo kitu cha kwanza tunachokihofia, halafu umwongezee kitu ambacho kikileta shida kinaileta hukohuko kwenye figo, na faida yake haijulikani. Mi nisingempa baba yangu.

Kama mzee ameshang'ang'ania na hutaki ugomvi nyumbani, basi haya manne ni ya lazima. Metfomini haiachwi, hata siku moja, na hapa usimwonee aibu, mwambie mwanawe wa Kigoma kasema. Siku ya kliniki aende na kichupa chenyewe mkononi, sio kukisimulia, na waombe kipimo cha figo, kreatinini. Na kama anatumia dawa ya tezi la shingo, levothairoksini, asizimeze pamoja, kromiamu inaizuia isifyonzwe, apishanishe masaa kadhaa. Kama ana dawa nyingine za kushusha sukari ukiacha metfomini, hasa insulini, awe anapima asubuhi maana sukari kushuka ghafla usiku ni hatari kuliko hata hiyo ya kupanda.

Umeuliza kwa pembeni kuhusu zinki pikolineti ambayo dada alituma pia, kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Kuna utafiti mdogo wa 1987, watu 15, zinki ikiwa kwenye pikolineti ilionekana kupanda kwenye nywele na mkojo na seli nyekundu kuliko sitreti au glukoneti. Sawa. Ila mtoto anayeharisha hahitaji hiyo wala bei yake, mpe zile za kuyeyuka kwenye maji za kituo cha afya, zinki salfeti miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, na chini ya miezi 6 nusu yake, pamoja na ORS. Zimejaribiwa kwa watoto wengi mno, na duka la dawa muhimu lolote hapo Urambo unazipata.

Kabla sijaja kwenye samadi nikuonyeshe ukoo ulivyo mpana, haraka haraka. Ile sindano ya mgongo wanayochomwa kina mama wa kujifungua kwa operesheni, bupivakaini, iliyotengenezwa Sweden 1957, kiini chake ni pete ya pikoliniki iliyojazwa hidrojeni. Sorafenibu, dawa ya saratani ya ini na figo, ina kipande cha pikoliniki upande mmoja. Ukiipachika kaboksili pande zote mbili za nitrojeni, namba 2 na namba 6, unapata dipikoliniki, ambayo bakteria wa kimeta na wa pepopunda wanaijaza kwenye mbegu zao ikiwa imeshikana na kalsiamu, inakausha ndani na ndo mojawapo ya sababu mbegu hizo hazifi kwa maji ya kuchemka, zinataka presha na nyuzi 121. Halafu yupo mbaya wetu hapa Kigoma, kwenye migomba ya Kasulu na Buhigwe na hata nyanya zako hapo: kuvu wa fusari anatengeneza asidi ya fusariki, pikoliniki iliyoongezewa mkia wa kaboni 4 kwenye namba 5, ni moja ya silaha anazotumia mmea ukinyauka jua likiwaka huku udongo una maji. Asidi hiyohiyo kwa mnyama inashusha presha, Wajapani waliichunguza sana miaka ya mwisho ya 60. Kwahiyo kitu kikiwa pikoliniki kinaweza kuwa chochote, jina la ukoo halikwambii tabia ya mtoto.

Sasa samadi.

Dawa za magugu za ukoo huu ni pikloramu, iliyotolewa na kampuni ya Dow 1963, klopiralidi, na aminopiralidi iliyokuja miaka ya 2000. Zote ni pikoliniki iliyowekewa klorini, mbili au tatu, na mbili kati yake zina kundi la amino namba 4. Pikloramu ikichanganywa na 2,4-D, dawa nyingine ya magugu isiyo ya ukoo huu, ndo jeshi la Marekani lilimwagia misitu ya Vietnam kupukutisha majani. Humo kwenye mmea hakuna tena habari ya kushika madini. Zinajifanya oksini, homoni ya ukuaji. Mmea huwa unatoa oksini kwa vipimo vidogo na kuivunja ikishafanya kazi, hizi zinaingia kwenye kipokezi kilekile, hasa kinachoitwa AFB5, na hazivunjiki, kwahiyo mmea unaambiwa kua kua kua kila sehemu kwa wakati mmoja, shina linasokotana, majani machanga yanajikunja kuelekea juu na kuwa membamba, ncha inakufa. Nyasi zinavumilia, majani mapana hayavumilii. Ndo maana jirani yako kaipenda, vichaka vinakufa malisho yanabaki.

Ng'ombe hana oksini, kwake sumu ni ndogo, na kwako pia ukiacha uzembe wa kupulizia bila glavu na kuosha pampu kisimani. Shida ni kwamba ng'ombe akila hizo nyasi, mwili wake hauivunji dawa. Inatoka kwenye mkojo na mavi ndani ya siku chache ikiwa ileile, nzima, tayari kwa kazi. Ikikaa kwenye lundo zizini inaganda hapo, mboji haiimalizi, kinachoimaliza ni vijidudu vya udongoni tena taratibu, miezi, na pikloramu sehemu kavu inaweza kupitisha mwaka. Uingereza 2008 walilazimika kusimamisha uuzaji wa aminopiralidi baada ya watu wa bustani kununua samadi na kukuta nyanya, maharage na viazi vyote vimejikunja. Na kiwango cha kuharibu ni kidogo cha kutisha, sehemu chache kwa bilioni kwenye samadi zinatosha kwa maharage na nyanya. Tumbaku iko kwenye kundi hilohilo la nyeti, tena kitalu, miche yenyewe bado laini, unaweza kupoteza msimu kabla hata haujafika bani la kukaushia tumbaku.

Kwahiyo fanya hivi. Nenda kwa jirani kistaarabu, omba uone kopo la dawa au lebo, tafuta jina la kiambato, kiambato hai wanaita, mara nyingi kimeandikwa kwa maandishi madogo chini ya jina la biashara. Ukikuta 2,4-D tupu au glaifoseti, hadithi yangu ya samadi haihusiki kwa namna hiyo. Ukikuta moja ya yale matatu, muulize alipuliza lini na ng'ombe walilala zizi gani wakati huo. Kama kopo limeshatupwa na mwenyewe hakumbuki, usikisie, pima.

Kipimo hakihitaji maabara. Chota samadi sehemu tano au sita za lundo, juu na katikati na chini, changanya. Chukua makopo 6 uyatoboe chini. Matatu weka samadi hiyo sehemu moja kwa udongo safi sehemu mbili, udongo uutoe sehemu ambayo haijawahi kupuliziwa, matatu weka udongo mtupu. Panda maharage matatu kila kopo, na makopo yasikae kwenye sinia moja maana maji ya kopo la samadi yakitiririka kwenda la mwenzake umeharibu kipimo. Mwagilia sawasawa, subiri wiki mbili mpaka tatu. Majani mawili ya mwanzo usiyahukumu sana, angalia yale ya vipande vitatu yanayofuata. Yakitoka yamejikunja, mishipa imesimama sambamba, ncha imedumaa, na makopo ya udongo mtupu yako sawa, basi dawa imo. Ila ukiona tu kingo za majani zimeungua kahawia na majani yenyewe yamenyooka, hiyo mara nyingi ni samadi mbichi, amonia imeunguza, iache ipoe kisha rudia. Anza sasahivi ili mpaka mnaanza kusia mbegu mwezi wa nane au wa tisa uwe umeshajua. Ukitaka mtu wa kukusaidia kusoma majani, TORITA, taasisi ya utafiti wa tumbaku, wako hapohapo Tabora na tumbaku ndo kazi yao, na TARI Tumbi, kituo cha utafiti wa kilimo, pia, mpelekee kopo lenyewe na mche wake.

Ikitokea dawa imo usiimwage samadi yote ukadhani ni taka. Mahindi na mtama ni nyasi, yanavumilia, itawanye huko mapema na uilime iingie kwenye udongo ili vijidudu viipate. Shamba hilo msimu unaofuata usipande karanga wala maharage wala tumbaku, na mabua yake usiyatandaze kwenye bustani ya nyanya. Ukitaka kurudisha mazao ya majani mapana, rudia kwanza makopo 6 kwa udongo wa shamba lenyewe.